Nyota Yenye Pembe

Olumbi, Jumatatu, 20 Julai 2015

Kwa mdogo wangu Nurdine,

Assalaam alaykum wewe na mkeo Sumaia na wote waliomo uani kwenu. Sisi hapa wazima, ila mimi sauti imenikauka kwa kubishana.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu haina siri. Ikilia tu, nyumba nzima inasogea karibu, na mkwe wangu Bi Muanacha, ambaye masikio yamemchoka, hutaka nimrudilie kila neno. Barua hii nampa Manuel dereva wa chapa, gari la abiria, atakuletea hapo ulipo na cherehani yako.

Sikiliza basi. Alhamisi ile uliponipigia baada ya magharibi ukasema, "Dada, mwezi nimeuona, kesho Idi," sikungoja la pili. Nilitoka uani nikawatangazia wanawake wote. Mume wangu Amade akatokea na tasbihi mkononi.

"Nani kauona?"

"Nurdine, shemeji yako."

"Mocímboa hawajauona. Hapa hatujauona. Ng'ambo ya Ruvuma hawajauona. Huyo Nurdine wako ana macho ya mwewe?"

"Ana macho ya baba yake," nikamjibu. Amade akarudi kwenye tasbihi yake, maana hata watu wa Olumbi wanakumbuka: marehemu baba akisema umeandama, hakuna aliyekwenda kutazama tena.

Ijumaa sisi wanawake tukala Idi. Amade na wenzake wa msikitini wakafunga mpaka jioni. Fikiria mwenyewe, nyumba moja: huku wali unanukia, huku mtu amekaa barazani midomo mikavu anatutazama kama tumemwibia. Bi Muanacha alisita. Amezeeka yule mama, na mwezi mzima hakuacha hata siku moja. Akaniuliza, "Mwanangu Atija, kweli?" Nikamtia kikombe cha chai mkononi. Nikamwambia, "Kunywa, mama. Ndugu yangu haapi uongo." Akanywa.

Sasa kisimani wanatuita watu wa Idi ya Nurdine. Naomba uniandikie kwa mkono wako jinsi ulivyouona, ulikuwa wapi, na nani alikuwa nawe. Nitawasomea, wakome.

Mwambie Sumaia anidarizie foronya nne kwa ile mashine niliyompa. Zile za maua, si za ndege.

Dada yako,
Atija

---

Palma, Jumapili, 26 Julai 2015

Dada yangu mpendwa,

Wa alaykum salaam. Barua yako ilifika Jumatano. Siku ile sikujibu kwa sababu ya kazi, na kesho yake pia kwa sababu ya kazi.

Umetaka nieleze, nami naeleza. Alhamisi ya mwezi ishirini na tisa tulitoka nyuma ya msikiti, mimi na Abacar muadhini wetu. Upande wa magharibi chini kulikuwa na ukungu. Tulikuwa na chombo. Sijui kama nilikwambia habari zake. Ni darubini, bomba jeupe refu kama mkono wa mtu mzima, lina miguu mitatu. Niliipata kwa Nuno, yule mtunza stoo wa kambi ya watu wa gesi, aliyekuwa akitazamia nyota uani kambini kwao. Kazi zao zimepungua, wengi wanarudi makwao, na kila anayeondoka anaacha kitu. Palma nzima imenunua vitu vya watu wa gesi. Jirani yangu Esperança, anayeuza mikate, amenunua kiti cha ofisi chenye magurudumu. Kimezama mchangani mpaka leo, anakikalia hivyo hivyo anakuwa mfupi kuliko meza. Basi mimi nikanunua darubini.

Ndani ya bomba lile nikaona mwezi mwandamo. Mwembamba, mweupe, una pembe zake mbili, unatetemeka kidogo kama uko ndani ya maji. Abacar akaweka jicho, naye akauona, akatoa takbiri. Tukaapa mbele ya sheikh, wawili sisi, kama sheria inavyotaka. Hayo ndiyo yaliyotokea na kila neno ni kweli.

Lakini dada, usiwasomee hii barua. Watu wakitaka kubisha waache wabishe, Idi imekwisha pita. Mwambie shemeji hatuna ugomvi.

Foronya zako utapata, ila zitachukua muda. Siku hizi Sumaia anadarizi kwa mkono. Anasema kwa mkono zinatoka vizuri zaidi.

Bi Muanacha hajambo? Umeandika habari zake mara mbili.

Mdogo wako,
Nurdine

---

Olumbi, Jumapili, 2 Agosti 2015

Nurdine,

Nimewasomea. Usikasirike. Lile bomba nimeliruka, nimesoma pale penye pembe mbili na pale penye kiapo. Wanawake wote wakapiga vigelegele. Bi Muanacha akasema nimrudilie penye pembe, nikamrudilia, akacheka peke yake mpaka akakohoa. Anakusalimu sana. Anakuita "mwenye mwezi wangu".

Amade alikuwa amekaa mlangoni anasuka ukili. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Ulizama saa ngapi?"

Nikamwambia barua haikusema. Akasema, "Muulize. Mwezi wa siku moja haukai. Ukishapiga magharibi, ukirudi kutazama, umekwenda. Muulize wake ulizama saa ngapi." Akarudi kwenye ukili wake.

Basi nakuuliza, nimjibu, tumalize.

Na mimi nina langu. Mtu mwenye macho anunua darubini ya nini? Na kwa nini Sumaia adarizi kwa mkono? Mashine ile niliiacha kwake nzima, hata sindano za akiba niliweka. Kama imeharibika sema, Amade anamjua fundi Mocímboa.

Atija

---

Palma, Jumapili, 9 Agosti 2015

Dada,

Alhamdulillahi tu wazima. Nimechelewa tena. Kazi zimekuwa nyingi, mashati ya walimu.

Nikuchekeshe kidogo. Gelson, yule karani wa sekretaria, ofisi ya serikali, aliyetoka Nampula, alikuja hapa na daftari kuuliza kwa nini naielekeza darubini baharini. Wamesikia naichungulia meli ya kuchimba gesi. Nikamwambia mimi natazama mbingu tu, tena kwa ajili ya dini. Akasema ngoja nione. Akachungulia, akamwona mbuzi wa Esperança kichwa chini miguu juu, maana bomba hili hupindua kila kitu. Akatazama tena kwa macho matupu, mbuzi yuko sawa. Akafunga daftari akasema serikali haina neno.

Nina jambo dogo la kuwashauri, wewe na Bi Muanacha na wale wanawake wote waliokula Ijumaa. Najua mnafunga zile sita za Shawwal. Mkimaliza, ongezeni siku moja. Jumatatu ni nzuri. Ni kheri tu, thawabu haizidi. Bi Muanacha kama ana nguvu afunge mapema, asingoje. Wewe mwambie ni mimi nimemwomba. Kama hana nguvu basi, lakini kama anazo, asingoje.

Mashine haijaharibika.

Nurdine

---

Olumbi, Jumapili, 23 Agosti 2015

Nurdine,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Bi Muanacha alifariki Alhamisi asubuhi, tukamzika alasiri. Nilikutumia habari kwa Manuel, na Amade alikupigia simu mwenyewe. Manuel anasema alikukuta umekaa, ukapokea habari, ukasema utakuja na gari la pili. Magari yote ya siku ile yalipita nayatazama. Hata ya kesho yake.

Watu wametoka Quionga, mbali kuliko Palma, kuja kuzika. Wewe uko Palma.

Ulipoandika ile ya siku moja zaidi, nilicheka. Nikamwambia, "Tangu lini sita zikawa saba?" Yeye hakucheka. Akasema, "Mwenye mwezi wangu hawezi kuniomba bure. Nitafunga Jumatatu." Jumapili homa ikampanda. Jumatatu asubuhi akaniambia usinipe maji, nimefunga. Nikampa, maana alikuwa anawaka, nikamwambia hiyo ni sunna tu, mama, hailazimu. Akanywa. Mara ya pili anakunywa kwa neno langu.

Nimekaa na jambo hili siku tatu za matanga, wanawake wananiona nalia wanadhani nalia mkwe tu. Ulimwambia asingoje. Asingoje nini, Nurdine?

Nakuuliza mara moja na sitauliza tena. Mwezi wako ulizama saa ngapi?

Atija

---

Palma, Alhamisi, 27 Agosti 2015

Dada yangu, mama yangu baada ya mama,

Hata karibu na Isha ulikuwa haujazama. Tulipiga magharibi, tukatoka kupeana mikono ya Idi, mimi nikarudi nyuma ya msikiti peke yangu kutazama tena, na ulikuwepo, juu bado, hauna haraka. Swali la Amade nililijua usiku ule ule kabla yeye hajaliuliza. Nikajiambia Mungu ametuongezea. Nikafunika bomba nikaenda zangu.

Nianze mbali, unisomee mpaka mwisho.

Macho yangu yamekwisha, dada. Huu ni mwaka wa nne. Kuna ukungu, kama kutazama kwenye pazia la chandarua. Sumaia hunitungia uzi kwenye sindano kabla ya kwenda shamba, sindano ishirini, nachoma kwenye mto zinanitosha mpaka adhuhuri. Nakata nguo kwa vidole. Lakini msikitini mimi ni mtoto wa baba. Kila mwisho wa mwezi wananitanguliza: "Nurdine, tazama." Wakishaanza kunyoosha vidole, "ule pale, ule pale," mimi husema, "Naam, ule." Miaka mitatu nimesema naam, ule. Sijauona hata mmoja.

Ndipo Nuno akanionyesha mwezi mpevu kambini. Dada, niliona mashimo yake. Niliona kingo zake. Nililia, na Nuno akadhani moshi. Nikasema sasa nitakuwa shahidi wa kweli, sitasema uongo tena mbele ya Mungu. Nuno alitaka zawadi ya mkewe aliyeko Beira, kitu cha kushonea. Nikampa mashine ya Sumaia. Ile yako. Sumaia alikuwa shamba. Aliporudi akaona meza tupu na bomba juu ya kitanda. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Linashona?" Tangu hapo anadarizi kwa mkono, na mimi nakuandikia kwamba zinatoka vizuri zaidi.

Alhamisi ile nilipapasa mbingu kwa bomba kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Kikaingia kitu cheupe chenye pembe. Kilikuwa kidogo, kama ukucha wa mtoto mchanga, nikasema ndivyo mwezi wa siku moja ulivyo. Nikamwita Abacar. Abacar macho yake ni mazima, lakini naye aliweka jicho kwenye kioo tu. Hakuna kati yetu aliyesimama kando akatazama bomba limeelekea wapi. Kama angetazama angeona limeelekea ile nyota kubwa ya magharibi ambayo kila mtu wa Palma aliiona wiki zote zile.

Jumamosi jioni, Idi ya watu wote, mwezi ulitoka wazi hata mimi niliuona kwa macho matupu, doa la mwanga, na kando yake doa jingine. Nikaleta bomba nijifurahishe. Nikaelekeza mwezi: ukajaa kioo kizima, mashimo na kila kitu. Nikasogeza kidogo kwenye ile nyota. Kikaingia kitu cheupe, kidogo, chenye pembe mbili, kinatetemeka.

Nilikaa chini mchangani. Niliposimama nguo zilikuwa na umande.

Jumatatu nilimwuliza profesora Ivânia wa sekondari, yule wa Inhambane, nikijidai nauliza kwa niaba ya mwingine. Akasema ni Zuhura. Akanichorea kwenye karatasi: inajaa na kupungua kama mwezi, ila bila darubini huwezi kujua. Akasema watoto wanajifunza darasa la kumi. Mimi niliishia la nne. Hakunicheka, na ningependa angecheka.

Jumatatu hiyo hiyo, dada, wewe ulikuwa unaniandikia ile barua ya kwanza. Ingenikuta nimeshajua. Nilijua nilipokuandikia pembe mbili na kila neno ni kweli. Nilijua nilipokuandikia muongeze siku. Nilitaka mlipe bila mimi kusema. Na najua kwamba siku ya faradhi hailipwi kwa nia ya sunna, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Nilimdanganya mama yule hata katika kumwokoa.

Siku ya maziko niliingia gari la pili. Nikashuka njia panda, kabla hata Palma haijaisha.

Sasa nimemwuliza mwalimu mmoja mpitaji, bila kumtajia jina. Amesema aliyekufa na deni la saumu anaweza kufungiwa, lakini na walii wake, yaani jamaa yake wa karibu, au na mtu mwingine kwa idhini ya walii. Bila idhini nikifunga, nashinda njaa tu. Walii wake ni Amade.

Dada, niombee. Mwambie shemeji kuna mtu anataka kumfungia mama siku moja, kwa mapenzi tu. Atoe idhini. Usitaje sababu. Nikishafunga, nitalala.

Mkosaji,
Nurdine

---

Olumbi, Jumapili, 30 Agosti 2015

Nurdine,

Hapana.

Barua yako nimeisoma jikoni, nikairudia, nikaitia kwenye moto, nikaitoa kabla haijashika. Imeungua pembe moja.

Sitamwomba mume wangu idhini kwa mlango wa nyuma. Nimeishi naye miaka ishirini na sita. Tangu Idi amenifungia mdomo wake, ananisalimu kama mgeni, na mimi nimevumilia kwa sababu nilijua nina haki. Nilikuwa na kichwa juu. Umeniacha nitembee hivyo wiki sita, na kichwa changu juu, kisimani, mbele za watu, na wewe unajua.

Mashine sitaizungumza. Hilo utazungumza na mkeo, mwenye subira kuliko sisi wote.

Lakini nawe umeniambia la macho, na mimi nina la macho. Nilidhani nitazikwa nalo. Unamkumbuka baba akienda ufukweni kutazama mwezi, ananishika mkono, watu wanasema anampenda bintiye? Alikuwa hanishiki kwa mapenzi tu. Tangu nina miaka tisa. Tulikuwa tunasimama, nikiuona namfinya kidole kimoja kama uko kulia, viwili kama uko kushoto. Yeye anainua mkono, watu wanaitikia. Nilipoolewa nikaja Olumbi, nilijiuliza nani anamfinya. Kumbe alikuwa anasema naam, ule. Wewe ulikuwa karibu naye, ulijifunza bila kufundishwa.

Kwa hiyo usiniambie juu ya "macho ya baba yake". Mimi ndiye niliyeyatangaza uani, na mimi nilijua. Chai ile niliitia mimi. Maji yale nilimpa mimi. Nina sehemu yangu, na kadha yangu ya Ijumaa nimeifunga jana. Wanawake wengine hawajui kama wana deni. Nao pia wanaweza kufa, Nurdine. Nani atakayefuata, huyu mwenye mimba? Yule wa kikohozi?

Simama kwenu useme. Kisha njoo hapa useme. Kwa mdomo. Mimi sitasema neno mpaka Jumatatu ya wiki ijayo. Ikipita, nitawaambia mwenyewe, na nitaanza na kidole changu.

Atija

---

Palma, Jumamosi, 5 Septemba 2015

Dada,

Nimesema.

Jana baada ya swala ya Ijumaa, sheikh alipotaka kufunga dua nikainua mkono. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea. Nikasema, "Ndugu zangu, mwezi wa Idi sikuuona. Niliona nyota. Mliokula Ijumaa ile mna siku moja ya kulipa, na kosa ni langu, na nimelijua tangu Jumamosi ile." Watu walikuwa wanatafuta viatu, wakaacha kutafuta.

Mzee mmoja akauliza, "Nyota gani ina pembe?" Nikamweleza. Akasema, "Wewe Nurdine umetufungulia saumu kwa nyota?" Kuna aliyecheka, akakatazwa. Abacar ndiye aliyeniumiza. Alisimama akasema, "Mimi niliapa nawe. Kwa nini mimi hukuniambia?" Akatoka. Leo adhana ya alfajiri ameadhini kama kawaida, sauti ile ile, lakini hapa dukani hajapita, na hupita kila siku.

Nikasema pia la macho. Sikupanga, lilitoka. Sheikh akasema mwezi ujao watu wengine watakwenda kutazama. Nilidhani nitaona aibu. Niliona usingizi. Nilirudi nyumbani nikalala mpaka alasiri, na Sumaia alinifunika.

Yeye nimemwomba radhi. Akasema, "Haya, nitungie uzi basi," akaniwekea sindano mkononi. Nikahangaika, wee, akanitazama nikihangaika mpaka akacheka. Nadhani bado hajanisamehe, lakini ameanza kucheka.

Bomba hakuna anayelitaka. Nimelizungusha Palma nzima. Mmoja aliniuliza kama linaonyesha ndani ya nguo.

Kesho naja na gari la Manuel, la kwanza. Mwambie shemeji kuna mgeni. Jina langu usimtajie, nataka nilitaje mwenyewe, asije akatoka nyumbani. Nikishuka njia panda tena, Manuel nimemwambia anirudishe kwa nguvu.

Nurdine

---

Olumbi, Jumanne, 8 Septemba 2015

Kwa mdogo wangu Nurdine,

Assalaam alaykum. Uliondoka jana baada ya magharibi bila hata kumaliza uji, gari la Manuel likipiga honi. Kwa hiyo nakuandikia yaliyobaki.

Juzi uliposimama mbele ya Amade uani ukasema yote, mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika ufagio. Ulipofika kwenye njia panda, kwamba uliingia gari ukashuka, nikataka kutoka. Sikutoka. Ulipoomba idhini nikajua atakupa au atakufukuza, moja kati ya mawili. Alipokujibu, "Siku hiyo ni ya mama yangu. Nitaifunga mwenyewe. Wewe utashinda hapa, kisha utafuturu nami," nilikuona ukitazama mikono yako kama umenyang'anywa kitu.

Jana mchana kutwa mlikaa barazani, yeye amefunga, wewe hukuthubutu kula. Nilikuletea chakula, ukakisukuma. Akakwambia, "Kula. Wewe huna deni leo." Ulikula tonge tatu. Nimekulisha tangu mdogo, lakini chakula kigumu namna ile sijakuona ukila. Na jioni tende ya kwanza akakupa wewe, ukaishika mpaka ikalainika.

Umesahau bomba lako. Au hukusahau.

Leo baada ya alfajiri Amade hakurudi kulala. Nilimkuta uani amelisimamisha juu ya kinu kilichopinduliwa, miguu mitatu inateleza. "Njoo ushike," akaniambia. Ni mara ya kwanza kuniita karibu naye tangu Idi. Nikashika. Ile nyota yako imehamia mashariki sasa, inawaka juu ya minazi kabla ya jua. Alitafuta muda mrefu, anapita minazi, anapita paa la jirani, analaumu mkono wangu. Kisha akatulia.

Mimi dada yako nilimwona akitazama pale. Aliondoa jicho, akatazama nyota kwa macho matupu. Akarudisha jicho. Akaondoa tena. Kisha akanipisha nami nikaweka jicho. Ni nzuri, Nurdine. Hukusema kwamba ni nzuri hivi. Ingekuwa baba amenishika mkono ningemfinya.

Amade alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hata mimi ningeapa," akasema.

Nilisubiri. Nilitaka kugeuka nimshike mkono, nikutumie habari hiyo peke yake, barua ya mstari mmoja. Lakini alichukua kile kitambaa chako, akafunika kioo polepole, akakifunga fundo.

"Lakini Jumamosi ningesema," akasema. "Mama alikuwa na mwezi mzima wa kuilipa mwenyewe."

Akaingiza bomba ndani, akaliweka kwenye pembe ya chumba cha mama yake, akaenda shamba.

Mimi sikuongeza neno, na wewe sikuongezei. Foronya mwambie Sumaia aache. Nitakuja mwenyewe wiki ijayo, nimtungie uzi.

Dada yako,
Atija